Ubeti wa Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe kumi na tano, mwezi wa tatu. Asubuhi hiyo rasharasha ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na ndani ya chumba cha kufulia cha hoteli ninakofanya kazi, mvuke wa pasi uliganda kwenye vioo hata ikawa huoni nje. Nilikuwa napiga pasi foronya. Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ila ndiye mkubwa wetu, alikuwa kwenye mashine ya kukunjia mashuka. Redio ilikuwa juu ya kabati la sabuni.

Mtangazaji akasema, "Huu ni wimbo mpya, kwa wanawake wote wanaojitegemea." Kinanda kikaanza.

"Ni sisi," nikasema.

Shangazi akazima mashine. Wenzetu wakaja wakasimama chini ya redio, vichwa juu, kama watu wanaosubiri kugawiwa kitu.

Sisi maana yake mimi na mama mkwe wangu mtarajiwa. Watu humwita Mama Besi kwa sababu sauti yake ni nzito na inatoka mbali, kama inapanda ngazi kuja kukuona. Nilimjua yeye kabla ya kumjua mwanawe. Tulikutana darasa la jioni, watu wazima tuliokosa shule utotoni. Yeye aliketi mbele kwa sababu ya macho, mimi niliketi nyuma kwa sababu ya aibu. Siku moja mvua ilimzuia, mwanawe akaja kumchukua na mwavuli, akatusindikiza wote wawili. Huyo ndiye Fundi. Anarekodi kwaya, anatengeneza spika, na kila Jumapili ndiye anayekaa kwenye mitambo ya sauti kanisani kwetu. Alinichumbia. Ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili, na tangazo la tatu lilikuwa la kesho yake.

Wimbo tuliutunga darasani. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi aseme jambo alilolifanya mwenyewe, bila kufanyiwa. Mimi nikasema kuhusu kitanda changu. Mama Besi, badala ya kusema, akaimba. Darasa zima likaweka kalamu chini. Fundi aliposikia akasema mama yake anaimba muziki wa soul, ule wa kutoka rohoni, na mimi naimba pop, na kwamba sauti zetu zikiwekwa pamoja hakuna atakayebadilisha stesheni. Akaturekodi.

Ubeti wa kwanza ni wangu: *Napiga pasi shuka za watu, kitanda changu nimenunua mwenyewe.* Kikafuata kiitikio chetu wote wawili: *Sikukimbia, nilitembea.* Shangazi alikuwa ananipiga bega. Sasa ulikuwa unakuja ubeti wa pili, ubeti wa Mama, ule unaosema, *Alifungia viatu, miguu akaisahau. Nilitoka peku, mwanangu mgongoni.*

Haukuja. Ilikuja sauti ya mwanaume.

*Uwe huru, mpenzi, huru mikononi mwangu. Ruka, ndege wangu, kiota chako kifua changu.*

Ilikuwa sauti ya Fundi. Aliimba ubeti mzima, laini, kama mtu anayepaka mkate siagi. Mama Besi alibaki kwenye kiitikio tu, mbali nyuma, kama mtu anayeimba nyumba ya jirani. Wimbo ulipoisha mtangazaji akasema huyo ni Fundi akishirikiana na mchumba wake. Jina la mtu wa tatu halikutajwa.

Shangazi akawasha tena mashine yake.

"Huru mikononi mwangu," akasema. "Hata kuku wa sokoni yuko huru mikononi mwa mnunuzi."

Wenzetu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeacha pasi juu ya foronya, na foronya ilikuwa inatoa moshi.

Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe wa Fundi.

"Umesikia mke wangu?? Tuko redioni!!"

Nikaandika: "Mama yuko wapi?"

"Yupo kwenye kiitikio. Sikiliza vizuri."

"Ubeti wake uko wapi?"

Ukaja ujumbe: "Nitakueleza. Mama usimwambie kitu kwanza."

Mimi ni mtu wa kuomba kabla ya kusema. Nilikwenda stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikamwambia Mungu anishike ulimi mpaka nimfikie huyu mtu, halafu auachie. Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwake.

Chumba chake cha kurekodia kimebandikwa vipande vya godoro ukutani ili sauti isivuje. Ukizungumza mle ndani, maneno hayakurudii. Alinipokea kwa kunikumbatia. Nikabaki nimenyoosha mikono chini.

Alianza kwa maelezo ya kazi. Alisema redioni hawapigi wimbo wa wanawake wawili wakilalamika, wanataka na mwanaume ajibu, na kwamba wimbo ulikuwa unakufa, yeye akauokoa. Alisema wasikilizaji wameshaanza kuuomba. Nilimwacha amalize yote.

"Nani alikuwa analalamika?" nikamuuliza.

"Ni namna ya kusema tu."

"Mimi nimeimba kwamba nimenunua kitanda. Hilo ni lalamiko?"

"Wewe hapana. Ubeti wa Mama ndio mzito."

"Mzito kwa nani?"

Akakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, akakizungusha kidogo huku na huku.

"Ule ubeti unanivua nguo," akasema. "Nilimwambia baba yako kwamba baba yangu ni marehemu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba yake yu hai. Anaishi mji mwingine na mke mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui mengi juu yake, kwa kuwa kila nilipouliza Fundi alisema, "Alikwenda," nami sikutaka kugusa kidonda. Ni Mama Besi aliyenisimulia tulipokuwa tunatunga. Mumewe alikuwa hataki atoke nje, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikusanya viatu vya mkewe vyote, mpaka kandambili za bafuni, akavifungia kwenye sanduku, akatia ufunguo mfukoni. Siku aliyochoka, Mama alimfunga mtoto mgongoni, akatoka peku.

"Kwa nini ulimwambia amekufa?"

"Siku ya posa baba yako aliniita pembeni akauliza, mzee wako yuko wapi, tuzungumze naye. Ningesema nini? Kwamba mama yangu aliondoka kwa mume? Angesema binti yake anaingia kwenye nyumba ya wanawake wanaoondoka."

"Mimi nilikupenda kwa sababu umetoka kwenye nyumba hiyo."

"Wewe. Baba yako sivyo."

"Baba yangu hukumpa nafasi ya kusema. Umemsemea, kama ulivyomsemea Mama kwenye wimbo."

"Nilikuwa nalinda ndoa yetu."

"Baba yako alifungia viatu," nikasema. "Wewe umefungia sauti. Ufunguo tu ndio tofauti."

Uso ulimbadilika. "Usinifananishe na yule mtu."

"Mimi nimesema nilichokiona. Kujifananisha jifananishe mwenyewe."

Nikamuuliza kama ubeti wa Mama bado upo au ameufuta. Akasema upo, hawezi kuufuta, ni sauti ya mama yake. Nikamwambia basi aurudishe. Akasema ataurudisha baada ya harusi, kwa utaratibu, kama toleo la pili, na akaniomba ninyamaze mpaka hapo. Alinibembeleza kwa majina yote aliyonipa tangu tujuane. Nilimpenda hata wakati huo, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko wimbo.

Sikumwahidi kunyamaza. Niliondoka.

Mama Besi ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Nilimkuta anatia vifungo. Redio ya jirani yake huwa haizimwi, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza kama amesikia.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Niliharibu, eti?"

"Uliharibu nini, Mama?"

"Ubeti. Siku ile koo lilikuwa limekauka. Niliona aibu kuomba maji, yule mtoto alikuwa na haraka. Ndiyo maana ameutoa. Sikatai. Ila angeniambia tu, ningeurudia."

Hapo ndipo hasira yangu ilipovuka mpaka. Mwanamke aliyeimba mpaka darasa likaweka kalamu chini alikuwa amekaa na vifungo mdomoni, anajilaumu kwa kutokunywa maji. Nikasahau kwamba niliambiwa nisiseme. Nilimwambia yote, la posa na la marehemu.

Alitoa vifungo mdomoni kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mimi ni mjane."

"Kwa mujibu wa mwanao, ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya posa."

"Mbona marehemu alinipigia juzi kuniuliza dawa ya mgongo?"

Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Halafu mimi nikanyamaza, yeye akaendelea, na baadaye nikagundua kwamba hacheki tena. Nikampa kanga iliyokuwa juu ya kiti ajifute. Hakumtukana mwanawe. Aliuliza jambo moja tu, kama mimi bado nataka kuolewa. Nikamwambia sijui. Akasema basi tuombe, na tuliomba tumepiga magoti kati ya vitambaa vya sare. Alimwambia Mungu kwamba hapendi kumwaibisha mtoto, na kwamba vilevile hapendi kukaa kanisani akisikiliza uongo kwa ukimya. Hakuniambia kesho atafanya nini. Nami sikumuuliza.

Jumapili jua lilitoka. Kanisa lilijaa. Baba yangu, seremala, alikuwa amevaa koti lake la sherehe kwa ajili ya tangazo la mwisho. Fundi alikuwa mahali pake pembeni, nyuma ya meza ya mitambo, vipokea sauti shingoni. Alinitazama. Nikatazama madhabahu.

Mchungaji alisoma majina yetu mawili. Akasema hili ni tangazo la tatu, na kama kuna mwenye kipingamizi aseme sasa. Husema hivyo kila mara kwa sauti ya mtu ambaye tayari anafungua ukurasa unaofuata.

Mama Besi akasimama.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Hawa mama wakwe hawa, hata nyumbani mwa Bwana."

Mzee wa kanisa alimpelekea kipaza sauti. Mchungaji alimuuliza kwa upole kama ana neno juu ya binti.

"Binti hana neno," Mama akasema. "Neno langu ni juu ya mwanangu wa kumzaa. Ameposa kwa kusema baba yake amekufa. Baba yake hakufa. Mimi ndiye niliyemwacha, na nilimwacha kwa sababu—"

Sauti ikakatika.

Midomo yake iliendelea, lakini spika zilikuwa kimya. Kanisa zima liligeuka kutazama meza ya mitambo. Fundi alikuwa amesimama, kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Nadhani mkono ulitangulia akili. Alikitazama kidole chake kama si chake.

Mama alikitazama kipaza sauti, akamrudishia mzee wa kanisa. Akavuta pumzi.

"Kwa sababu alikuwa akinifungia viatu," akasema, na sauti ile ilifika mpaka kwenye watoto waliokuwa nje mlangoni. "Kila siku, kama mfungwa. Nilitoka peku na huyu mtoto mgongoni. Leo amenitoa kwenye wimbo wangu mwenyewe, akanifanya mjane, na sasa hivi mbele yenu amenizimia sauti. Mchungaji, simkatalii binti huyu mume. Nauliza tu, anapewa mume wa namna gani?"

Baba yangu alisimama.

"Kijana," akasema, "njoo hapa mbele."

Fundi alivua vipokea sauti, akaviweka mezani, akaja. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye mzigo kichwani anayeogopa usianguke. Baba alimuuliza kama aliyosema mama yake ni kweli. Akasema ni kweli.

"Ungeniambia kwamba mama yako alitoka peku akakulea peke yake, ningekukubali siku ileile," Baba akasema. "Sasa najiuliza niliyempokea ni nani."

Fundi alimgeukia mama yake. Tulidhani ataomba radhi kwa maneno ya kawaida, yale ya samahani nimekosa. Badala yake alisema jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu.

"Nakumbuka ile siku, Mama. Nilikuwa mgongoni, lakini nilishaanza kuelewa maneno. Watu walitoka milangoni wakatucheka. Mmoja alisema, tazameni mwehu na mtoto wake. Nilificha uso kwenye kanga. Tangu siku ile sitaki mtu ajue."

Mama alimsogelea.

"Wewe ulikuwa mgongoni," akasema. "Uso wangu hukuuona. Mimi nilikuwa nacheka, mwanangu. Njia nzima nilikuwa nacheka. Kokoto zilinichoma, nikacheka. Ile ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na wewe umeibeba miaka yote kama jeneza."

Hapo Fundi alilia, mwanaume mzima, mbele ya kwaya anazozirekodi. Alisema atautoa ubeti wake mwenyewe kwenye wimbo. Alisema kesho asubuhi atakwenda redioni mwenyewe na wimbo kama tulivyouimba mwanzo, na ataeleza kwa kinywa chake kwa nini ule uliopigwa Jumamosi ulikuwa wa uongo.

"Na jina?" nikamuuliza. Ndilo neno la kwanza nililosema siku hiyo.

"Lenu ninyi wawili. Langu sitaliweka."

Watu wakaanza kuguna kwa furaha. Mwanamke wa nyuma yangu, yuleyule wa mama wakwe, akasema amina. Wengine walishaanza kupiga makofi, kwa kuwa watu wanapenda jambo liishe vizuri kabla ya chakula. Mchungaji aliinua mkono, wakatulia. Akaniuliza mimi, mbele ya wote, kama tangazo libaki ama lifutwe.

Nilitoka kwenye benchi. Niliomba sala fupi kuliko zote: Bwana, simama nami.

"Lifutwe," nikasema.

Fundi aliinamisha kichwa. Baba alitaka kusema kitu, Mama Besi akamgusa kiwiko, akanyamaza.

"Nampenda," nikasema, "na siwezi kusema uongo mahali hapa. Jana nimeomba Mungu aniondolee, hajaniondolea. Lakini jana huyu mtu aliniomba ninyamaze mpaka harusi ipite. Leo amemzima mama yake kwa kidole kabla hata hajafikiri. Amelia, nimeona, na naamini machozi yake. Ila machozi ni ya leo, na ndoa ni ya siku zote. Sitaki kuolewa kwa sababu kanisa limefurahi."

Mchungaji alifunga kitabu chake cha matangazo. Akaniuliza kama kuna neno ninalotaka kumwachia mchumba wangu mbele ya mashahidi hawa, ili asiondoke bila kujua anasimama wapi. Mzee wa kanisa akaninyooshea kipaza sauti. Nikatikisa kichwa. Nikasogea mpaka nikawa karibu na Fundi, nikamtazama machoni, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia.

"Mbele ya Mungu, mbele ya baba yangu, mbele ya mama huyu na mbele yenu nyote, naahidi hivi. Siku utakayokuwa umetenda uliyoyasema, njoo nyumbani peke yako, uniulize upya. Usije na uongo hata mmoja, hata ule wa kunifurahisha. Siahidi kukubali. Naahidi kukujibu, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, na hakuna mtu atakayenijibia."